Simu Zilizokwama Msituni

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kukamua mbuzi wake, Nevena Karadzhova alipanda ngazi hadi paa la shule ya kijiji cha Gorno Izvorche, akafagia theluji iliyofunika paneli za sola. Shule haikuwa na wanafunzi tena. Katika darasa la kwanza lilibaki sanduku la bati lenye mashine ya kukuza mtandao wa simu, na ufunguo wake Nevena aliuvaa shingoni pamoja na msalaba.

Mashine ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye alama tatu. Ya kwanza ilitosha uwanja wa kijiji. Ya pili iliteremka bondeni hadi hoteli ya watalii wanaokuja kuteleza kwenye theluji, na hapo ndipo kampuni ya simu ilipoagiza iachwe. Ya tatu ilipanda mtaa wa juu, alikokaa Mzee Slavcho peke yake na moyo wake mbovu, ikapita makaburini na kuingia msituni. Lakini ya tatu ilikula betri. Jua la huko ni bahili; kufika adhuhuri mashine ilikuwa imezimika na hoteli imebaki kimya.

"Niwekee ya tatu asubuhi tu," Mzee Slavcho alimwomba. "Moyo wangu mkorofi asubuhi."

"Na wa hotelini?"

"Wale wana mioyo mizima, Nevena. Mwenye moyo mbovu hashuki mlima juu ya vibao viwili."

Nevena akazungusha swichi hadi alama ya tatu. Hajafunga sanduku, simu yake ikaita. Alikuwa Asen, mumewe, mkata magogo aliyefia msituni miaka minane nyuma.

"Nevena, mti umenilalia mguu. Niko chini ya Mwamba Mweupe. Mchukue Slavcho mje na sleji."

Nevena alihamishia simu kwenye sikio linalosikia vizuri. "Umekula?"

"Mkate. Fanyeni haraka, baridi inauma."

Walikwenda, Nevena akiburuta sleji ya kubebea magogo kwenye theluji, Mzee Slavcho akifuata polepole. Chini ya Mwamba Mweupe ule msonobari uliomwangukia ulikuwa umelala, umeoza, umeota kuvu. Kando yake theluji ilikuwa imeyeyuka kwa umbo la mtu aliyelala ubavu, na mvuke ulikuwa ukitoka. Mtu hakuwepo. Walisubiri, wakapasha mikono kwenye mvuke ule, kisha wakapakia kuni ili safari isiende bure.

Kesho yake simu ikaita tena.

"Mbona hamji?"

"Tulikuja jana."

"Sijawaona."

"Na sisi hatukukuona."

"Basi njooni tena," Asen akasema, bila hasira.

Wakawa wanakwenda. Wengine nao walipigiwa. Bibi Zlata, jirani wa Nevena, alipigiwa na mkwewe aliyekuwa kwenye basi lililokwama barabarani, akiomba aitiwe mkunga. Zote zilikuwa simu ambazo hazikupita, za miaka ile kijiji kilipokuwa kikiomba mnara wa simu na kujibiwa kwamba watu wake ni wachache mno. Kila walipoomba upya, walikuwa wachache zaidi.

Siku ya kumkumbuka Asen ikafika. Nevena alichemsha ngano ya kumbukumbu, akaitia sukari na kokwa za jozi, na akatoa karatasi mpya yenye picha ya marehemu, ya kubandika langoni, kama desturi ya huko kila mwaka, badala ya ile ya mwaka jana iliyofifia. Bibi Zlata alimshika mkono.

"Usimbandike. Mtu anayepiga simu habandikwi."

"Na ngano?"

"Ngano tutakula, ina kosa gani? Shoga, hata mlipokuwa wachumba hakukutafuta hivi!"

Nevena alicheka, akabandua ile ya zamani. Lango likabaki tupu.

Hoteli ililalamika. Kampuni ikamtuma fundi kutoka mjini, kijana aliyeitwa Krum, mwenye adabu na viatu vilivyolowa. Alifungua sanduku, akaguna.

"Shangazi, hii iko ya tatu."

"Mume wangu yuko msituni." Simu ikaita, akampa. "Sikiliza mwenyewe."

"Wewe nani?" Asen akauliza.

"Fundi wa mtandao, bwana."

"Afadhali. Mmekuja."

"Ndiyo, bwana," Krum akasema, akarudisha simu. "Ni za zamani hizi. Hata kijiji cha Yasenovo zilitoka hivi hivi tulipokuwa tunapima."

"Kampuni inajua?"

"Inajua. Lakini hazikuunganishwa, shangazi. Kwao ni kama hazikupigwa."

"Na Mzee Slavcho? Yeye yu hai."

Krum alitazama dirishani, kwenye moshi mwembamba wa mtaa wa juu. "Ni mmoja," akasema taratibu. Aliirudisha swichi kwenye alama ya pili, akaifunga kwa waya na lakiri ya madini ya risasi, isizungushwe tena. Kabla ya kuondoka alipanda paani, akamfagilia theluji.

Mwezi wa pili walimkuta Mzee Slavcho kizingitini kwake, simu imeganda kiganjani. Baada ya mazishi Bibi Zlata alileta karatasi yenye picha yake, na gundi.

"Tumbandike?"

"Subiri kidogo," Nevena akasema.

Mwezi wa tatu hoteli ilikuwa na mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Wapiga picha walihitaji mtandao hadi juu mlimani, kwa hiyo Krum alirudi na jenereta, akakata lakiri, akaweka alama ya tatu kwa wiki nzima. Simu ya Nevena ikaita jikoni.

"Nevena, kifua kinabana," Mzee Slavcho akasema. "Niitie gari la wagonjwa."

"Naita, mzee. Kaa, usisimame."

Aliita. Muuguzi alipokea mara moja, akauliza kama mgonjwa anaweza kuongea. "Anaweza," Nevena akajibu. Gari lilikuja upesi, barabara ikiwa safi kwa ajili ya mashindano, likakuta nyumba imefungwa, likarudi.

Jioni akapiga Asen.

"Slavcho amefika hapa, hana hata kofia. Tuko wawili sasa. Leteni sleji kubwa."

"Tunayo ile ile moja."

"Basi fanyeni safari mbili."

Mashindano yakaisha. Jenereta likateremshwa, swichi ikarudi alama ya pili, ikatiwa lakiri mpya. Asubuhi theluji ilianguka tena. Nevena alipaka mafuta ya nguruwe chini ya sleji, akaiegemeza langoni, tayari kwa zile safari mbili, kisha akachukua ufagio, akapanda paani kusafisha paneli, hoteli isije ikakosa mtandao.