Mabamba ya Kaburi la Matugen

Mume wangu Matugen alikufa shayiri ikianza kuiva. Kabla sauti haijamkauka alinishika mkono. "Brika, mnilaze miguu mashariki. Bila kisu, bila bia. Nikiamka nimwone Bwana anakuja."

Lakini kaka yake, Vindokun, ndiye mkuu wa kilima chetu tangu askari wa Roma waondoke, naye alikwisha kuchinja nguruwe wa kuzikwa na marehemu.

"Shemeji," aliniambia mbele za watu, "huyo Mungu wenu aliletwa na Warumi. Wamepanda meli, naye kapanda. Hata kasisi hamna."

"Kama kapanda meli, mbona mdogo wako alikuwa anaongea naye juzi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Haya. Kaburi la kwenu hujengwa kwa mabamba ya mawe, na mawe yako kwenye magofu ya ngome, bondeni. Ukipata watu wa kuyapandisha kabla ya adhuhuri, mzike mnavyotaka. La sivyo, atazikwa kama baba yetu."

Alijua tulivyo wachache. Tulikuwa tukisali watatu: mimi, bibi Dokka mwenye mgongo uliopinda, na huyo aliyekufa.

Nilishuka na kamba. Bamba la kwanza halikusogea hata kidogo. Nikakaa juu yake nikalia.

"Ondoka hapo, unalipasha joto bure."

Alikuwa Senak mhunzi, aliyetudhihaki kuliko wote, kaishika kamba yangu.

"Hata wewe?"

"Mama alinibatiza mtoni. Hujawahi kuniuliza, dada."

Nyuma yake walikuja wafinyanzi wawili, kisha mke wa mchunga kondoo na binti zake, wakiburura machela ya matawi. Walitazamana kwa mshangao. Kila nyumba ilidhani imebaki peke yake.

"Na mlikuwa mnanicheka nikifunga Kwaresima?" Dokka alimuuliza kila aliyepita.

Tulipanda tukiimba zaburi, kila mtu kwa maneno aliyoyakumbuka. Tukajenga kaburi, tukamlaza Matugen, miguu mashariki. Lilibaki bamba la kufunika, zito kuliko yote, likatukwamia ukingoni. Jua lilikuwa karibu kufika utosini.

Vindokun alikuwa amesimama kando, akilipima jua. Kisha akavua joho, akaingiza bega chini ya jiwe.

"Msinikodolee macho," alisema. "Ni mdogo wangu. Inueni."

Tukainua, na hatukuacha kuimba mpaka udongo ulipojaa.