Bi Moshi Aomba Kiangazi

Kiwandani walimwita Bi Moshi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kununua vibali vya moshi. Kila tani ya moshi iliyotoka kwenye bomba la kiwanda cha saruji ilidai kibali chake, na serikali ilitoa vichache makusudi, ili viwanda vivigombanie. "Wenzako wananunua viatu, wewe unanunua moshi," walimtania kantini, naye akicheka pamoja nao.

Alijua kwamba bei ya vibali hupikwa mbali na soko. Mabwawa yakikauka, mitambo ya umeme huchoma makaa ya mawe, na makaa hula vibali bila huruma, bei ikapanda. Maji yakijaa, bei hushuka. Ndiyo maana kila asubuhi alitazama mawingu kabla ya kompyuta.

Mwaka huo ulikuwa mkavu na bei ilipaa. Meneja, waliyembatiza Bwana Subiri kwa kuwa hajawahi kuamua jambo siku hiyohiyo, safari hii alibanwa.

"Bei ikibaki hivi mpaka Ijumaa natia sahihi," alimwambia. "Tununue tanuri jipya. Moshi wake haufiki hata nusu ya hili zee."

Bi Moshi alifurahi kuliko alivyoonyesha. Nyumba yao ilipakana na ukuta wa kiwanda, na mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Dirisha la chumba cha mama halikuwa limefunguliwa tangu kiangazi kianze, moshi usiingie. Basi akaanza kuomba mvua isinyeshe, huku akiona haya kwa dua ya namna hiyo. Dua la kuku halimpati mwewe. Alhamisi mvua ilimwagika kutwa nzima, mabwawa yakaanza kujaa, na Ijumaa, mvua ikiwa bado inanyesha, bei ikaporomoka.

"Haya, mtaalamu, hali ikoje?" aliuliza Bwana Subiri.

Angedanganya vipi, na bei inaonwa na kila mwenye simu? "Imeshuka, bosi. Lakini ni mvua tu hiyo, na mvua haina mkataba na mtu. Kiangazi kikirudi tutalia."

"Basi nunua sasa vya miaka mitatu, tuviweke akiba. Tanuri lisubiri." Akatabasamu. "Bila wewe tungeingia mkenge, binti yangu."

Alinunua. Tena alinunua vizuri, kwa bei ya chini kabisa, maana kazi mbovu hakuijua, na moyoni alijichukia.

Nyumbani alimkuta mama ameketi dirishani, dirisha li wazi, matone yakimrukia mikononi. Mvua ilikuwa imeiosha hewa yote.

"Njoo hapa, mwanangu. Leo napumua mpaka chini. Mvua hii Mungu aizidishe."

Bi Moshi akaketi kando yake. "Amina, mama," akajibu.

Wakakaa hivyo, wakizungumza mambo madogo madogo, mpaka mvua ilipokatika. Hapo akainuka, akalifunga dirisha.