Mdudu Ndani ya Askari

Tak. Tak. Tak. Gizani, kabla hakujapambazuka, nilisikia vidonge vitatu vikitobolewa kwenye karatasi yake. Maji yakamiminwa kikombeni. Kisha kimya. Koo la mume wangu lina kelele. Akimeza, jirani anajua. Siku hiyo jirani hakujua.

Nikawasha taa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka lindoni. Ni askari wa getini kwenye ghala la saruji. Vidonge vilikuwa mfukoni mwa koti, pamoja na vya siku tatu zilizopita.

"Mama Kasuku, mimi nimepona," akasema. "Sikohoi. Nimenenepa mpaka mkanda umegoma. Miezi minne mingine ya nini?"

Kasuku ni binti yetu wa miaka minne, anarudia kila anachosikia. Analala hatua mbili kutoka kwenye mapafu ya baba yake. Kifua kikuu kikirudi, kitarudi kikiwa sugu, na yeye ndiye wa karibu. Sikulia. Nilitoa daftari langu la biolojia la masomo ya jioni.

"Mwili nao una askari," nikamwambia. "Wakiona bakteria wanammeza, wanammwagia oksijeni kali kama dawa ya kung'arishia nguo. Bakteria wengi wanakufa. Huyu wako ana kimeng'enya chake, anaivunja ile sumu inakuwa maji. Basi anaishi humo humo tumboni mwa askari, kodi halipi."

"Askari gani huyo?"

"Wa kawaida tu."

Hakucheka. Miaka miwili nyuma mwizi alikuja getini na sare ya kampuni. Mume wangu akamfungulia na saluti akampigia. Nyumbani hatulitaji jambo hilo. Nikalitaja.

"Dawa moja humu inaingia kama yule mwizi wako. Ikifika kwa mdudu haina ubaya wowote. Kile kile kimeng'enya anachojikingia ndicho kinachoigeuza kuwa sumu. Anafungua geti kwa mkono wake."

Akakaa kitandani, buti bado mguuni. "Na saluti anapiga?"

"Daftari halijasema."

"Masikini."

"Ila wapo wadudu wachache wasio na hicho kimeng'enya. Hao hawafungui. Dawa nyingine ndizo zinawamaliza, taratibu. Ukiacha katikati, wanabaki hao, na wanazaana."

Akatazama kitanda kidogo. Kasuku alikuwa macho, shuka limefika puani.

Vya siku tatu nikavifunga kwenye leso. Vitakwenda kliniki asubuhi, vikisindikizwa na yeye mwenyewe akavieleze. Vya leo, vyote vitatu, nikamwekea kiganjani. Akageukia ukutani na kikombe chake, kama mtu anayebadilisha nguo.

Gluk.

Gluk.

Akaweka kikombe chini, akaanza kufungua kamba za buti.

"Baba," akasema Kasuku, "bado kimoja."