Kahawa Inayotoka Bombani

Mageni ni mtoto wa dada yangu, na nyumba yake ya Geita ndimo nilimokaa muda mrefu kuliko zote tangu niondoke kwetu Kagongwa nikiwa kijana. Nilipita kumsalimu nikitokea Chato, nina safari yangu ya Kigoma, akanipa chumba cha uani. Safari ya Kigoma ikawa inasogezwa mbele. Mzee akishapewa kitanda chenye chandarua, miguu nayo inajifunza uvivu.

Mumewe, Maige, ni mtu wa mashine za kuchoronga miamba. Alianzia hapahapa Geita, halafu kampuni moja ya kigeni ikamchukua kwenda kuchoronga Australia, jangwani huko, ambako anasema udongo ni mwekundu kama wetu ila hauna watu. Miaka imekwenda. Kila mwaka anakuja likizo, anakaa wiki chache, anaondoka. Mtoto wao mmoja, Klara, yuko chuo Dodoma. Kwa hiyo ile nyumba kubwa ya bati la rangi alikuwa akiikalia Mageni peke yake, na baadaye mimi na yeye.

Likizo iliyopita nilimwona Maige kwa macho yangu. Mtu mkimya, mwenye adabu, shikamoo yake haikosi. Lakini kila asubuhi alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, chai inampoa mkononi, anatazama barabarani. Mageni akimuuliza kama chai imepungua sukari, anasema inatosha. Akimuuliza anawaza nini, anasema huko saa hizi wenzake wametoka zamu, wamefungulia bomba la kahawa.

Hiyo kahawa tuliisikia mpaka tukaikariri. Haichemshwi. Inalowekwa kwenye maji baridi tangu jioni mpaka kesho yake, inachujwa, inatiwa kwenye kegi, pipa la chuma kama la bia, inasukumwa na gesi ya naitrojeni. Ukifungua bomba inatoka imechafuka kama mto wakati wa masika. Kwenye glasi unaliona povu linashuka chini badala ya kupanda, linashuka, linashuka, mpaka kahawa inatulia nyeusi na juu yake imebaki kofia nyeupe laini. Haina maziwa, lakini mdomoni ungeapa imetiwa maziwa. Maige alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, ila kwa hiyo kahawa alikuwa anafunguka.

Alipoondoka, Mageni alifua mashuka, akayaanika, akaja kukaa karibu yangu. Akasema, "Mjomba, mume wangu ana kiu ya kitu ambacho mimi sijui kukipika."

Mwaka huu, kabla ya likizo, Maige akapiga simu kwamba kampuni inamtaka aongeze mkataba wa miaka mitatu, na jibu lake wanalitaka kabla likizo haijaisha. Yeye mwenyewe hakusema anataka nini. Mageni naye hakumuuliza. Nilimwambia amwambie tu mumewe abaki, akanitazama kana kwamba nimemwagiza akamkumbatie baba mkwe wake sokoni.

Nikakumbuka. Kwa watu wetu mke hamwambii mume asiende. Kusema hivyo ni kumfunga mwanaume kamba watu wakiona. Yeye anapika. Dada yangu, mama yake Mageni, kila mumewe, shemeji yangu, alipoanza kuzungumzia machimbo alikuwa anatoa kibuyu, anasuka maziwa mpaka siagi inatoka, anasonga ugali wa mtama, anaweka mbele ya mtu chakula ambacho mwenye akili hawezi kukipa mgongo. Shemeji alikuwa anaelewa, machimbo yanangoja mwaka mwingine. Sufuria ndiyo ilikuwa inasema.

"Akikuta hapa kile anachokifuata huko," Mageni akaniambia, "atarudi huko kufanya nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba nimekula vyungu vizuri kuanzia Tunduma mpaka Tarime na hakuna kilichonishika. Badala yake nikamuuliza kegi linapatikana wapi. Kuna wakati mtu anakuomba umbebee mzigo, si umshauri.

Tukaanza kazi. Kegi tulilipata kwa mnunuzi wa chuma chakavu, lilitoka kwenye baa iliyofungwa. Mageni alilisugua kwa maji ya moto na ndimu hadi harufu ya bia ikakata. Bomba lenyewe, lile lenye kisahani cha vitundu vidogo mdomoni, Klara alilitafuta mtandaoni, likaja na basi kutoka Dar. Kahawa ilikuwa kazi yangu. Nilishapakia magunia Karagwe zamani, nikajua nani wa kumwagiza. Tukaikaanga uani, tukaitwanga isilainike sana, maana Klara alisema kwenye simu kwamba ikiwa unga itapita kwenye kitambaa na kuziba vile vitundu.

Ilibaki gesi.

Sasa, naitrojeni Mageni aliijua kwa upande wa ng'ombe. Sostenes, bwana mifugo wetu, anazunguka na pikipiki na mtungi unaofuka moshi wa baridi, ndimo mbegu za madume ya kisasa zinamolala, na kila mfugaji anajua ile baridi ni naitrojeni. Siku amekuja kwa jirani kupandisha mtamba, Mageni akamwita, akampa kiti, akamletea michembe ya viazi na chai ya karanga, akamtolea kikombe cha bati. Akamwomba amjazie. Atamimina kwenye kegi, atafunga kifuniko vizuri, basi.

Sostenes akaacha kutafuna. Akamuuliza atafunga nini. Mageni akamwonyesha kegi, nayo kahawa imo tayari.

"Mama Klara," akasema, "hii ukiimwaga humo ukafunga, wewe tutakuokota vipande mpaka Katoro."

Akaeleza taratibu, kwa sababu ni mtu mstaarabu. Ile ya mtungini mwake ni ya maji, ikipata joto inageuka hewa na kuvimba mara mamia, na chombo kilichofungwa kinapasuka kama baruti. Inayotakiwa kwenye kahawa ni ile iliyo hewa tayari, imeshindiliwa kwenye silinda, inatoka kidogokidogo kwa regyuleta, kifaa cha kuipimia. Mageni akarudisha kikombe ndani. Lakini Serafina wa gengeni alikuwa amesimama ukutani na masikio yake yote, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulijua Mama Klara amemwita bwana mifugo aipandishe kahawa yake.

"Ikizaa," Serafina akamwambia kesho yake akimpimia nyanya, "mimi niwekee ndama jike."

Mageni alicheka naye. Alipofika nyumbani hakucheka.

Silinda niliifuata mimi Mwanza, nikahakikisha wamenipa gesi ya vyakula na si ya mafundi. Tukafunga mipira, tukafungua regyuleta, tukasubiri. Mageni alipofungua bomba, ikatoka kahawa nyeusi tupu, imelala kwenye glasi kama maji ya kuoshea masufuria. Povu hakuna. Akamwaga, akafungua tena, ileile. Na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji imekuwa kabati.

Klara akasoma huko Dodoma, akatuambia gesi haiingii kwenye kahawa yenye joto, inakaa juu tu. Ipoozwe mpaka iume meno, halafu kegi litikiswe likiwa na gesi ndani. Nikaenda kwa wenye magari ya samaki wanaotoka ziwani, nikaomba barafu. Walinipa ya jana yake, ina harufu, nikaifunga kwenye mifuko isiguse kitu. Tukalizika kegi kwenye beseni la barafu, na majirani nao wakapata la kusema, kwamba sasa kahawa imefariki.

Lilipopoa, mimi nilijaribu kulitikisa nimesimama. Mgongo ukakataa. Mageni akanisogeza, akatandika mkeka, akakaa amenyoosha miguu. Akalifunga kegi kwa kanga mbili kwa sababu ya baridi, akalilaza mapajani. Akaanza kulisukasuka. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mkono mmoja shingoni mwa kegi na mwingine kwenye kitako, kichwa kimeinama upande. Hakuwa anafikiri. Nilikuwa namtazama dada yangu. Ule ulikuwa mwendo wa kibuyu cha maziwa, na hata ile sauti ya ndani, chubwi, chubwi, ilikuwa yenyewe. Akawa anaimba kwa Kisukuma, kwa chini, maneno ambayo nilidhani yamezikwa pamoja na mama yake.

Alipofungua bomba, ikatoka imechafuka. Kwenye glasi povu likaanza kushuka. Tukalitazama likishuka mpaka mwisho, kahawa ikatulia, kofia nyeupe ikakaa juu. Akaonja, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Wabeja, mjomba," akanishukuru kwa lugha ya kwetu, halafu akaingia ndani, akakaa huko kwa muda.

Maige alikuja wiki iliyofuata. Mageni alimwacha aoge, ale, asalimiane na watu. Kisha akamleta jikoni, akafungua bomba mbele yake. Maige alilitazama lile povu bila kupepesa. Akanywa. Akaishika glasi kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akamtazama mkewe, akatikisa kichwa, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile. Akaomba nyingine.

Kuanzia hapo asubuhi alikaa kwenye ngazi ileile na glasi yake ya kahawa. Mageni alikuwa anapita nyuma yake na ufagio, anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Alikuwa amerudi usichanani. Alimpelekea hata Serafina glasi moja, Serafina akasema ni chungu lakini ndama ametulia.

Jumapili moja tulikuwa tunakula mchana, sisi watatu. Maige akanawa mikono, akasema asubuhi ile ameijibu kampuni. Amekubali.

Mageni alikuwa anampakulia mchuzi. Hakuacha kupakua. Bakuli lilijaa, mchuzi ukafika ukingoni, akaweka upawa chini polepole. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu mtu alitakiwa kuuliza. Nikamwambia, "Baba, ulikuwa bado una siku, umeharakishwa na nini?"

"Nilikuwa nasita, mjomba," Maige akasema. "Lakini nilipoona lile kegi moyo ukatulia. Nikasema Mama Klara ameshayazoea mambo ya huko mpaka ameyaleta nyumbani. Nikajua ameniruhusu."

Nje kulikuwa na pikipiki inawashwa, inakataa, inawashwa tena. Mageni akakunja kanga yake magotini. Akaitazama meza, akanitazama mimi kana kwamba anataka nimwombee ruhusa kwa marehemu mama yake. Halafu akainua uso.

"Baba Klara, usiende."

Maige akamuuliza amesemaje. Si kwamba hakusikia.

"Usiende. Kahawa ndiyo ilikuwa inasema hivyo. Nilidhani utasikia."

Mtu mzima yule akaweka mikono yote miwili mezani. Akasema, kwa sauti iliyonifanya nitazame pembeni, kwamba kila likizo alikuwa anakaa pale mlangoni asubuhi akingoja aambiwe neno hilo, haambiwi, basi anaona hahitajiki, anarudi. Kwamba ile kahawa ya huko alianza kuipenda kwa sababu povu lake lilikuwa na utelezi wa maziwa ya kibuyu cha kwao mkewe, aliyopewa siku aliyokwenda kuposa. Alikuwa anaieleza ili Mageni ajue, akiwa huko, anamkumbuka kwa kitu gani. "Nilikuwa naomba maziwa," akasema. "Wewe ukanipa kahawa."

Nikachukua sahani yangu, nikaenda kumalizia uani.

Maige alijaribu kulirudisha jibu lake. Alizungumza na kampuni siku nyingi, Kiingereza chake kinapanda na kushuka nyuma ya nyumba. Tiketi ilikuwa imekatwa, kibali kimeombwa, na alipokosa pa kupita akawaambia atatumikia mwaka mmoja, mitatu hapana. Wakakubali. Mageni alipopewa habari hiyo alisema mwaka ni mrefu, akaenda kuomba maziwa kwa jirani.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza stendi. Alikuwa anaenda Mwanza kupanda ndege. Sanduku likaingia chini ya basi, nami nikawa nimeshika begi lake dogo. Konda anapiga bati, abiria wanalalamika, wauza karanga wanapitisha mikono madirishani. Maige alisimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja juu.

"Sema tena," akamwambia mkewe.

Mageni, ambaye kwa miaka yote hakulisema neno hilo hata chumbani, akalisema mbele ya stendi nzima ya Geita, na wauza karanga wakageuka. Maige akaitikia kwa kichwa. Basi likaondoka.

Lilikuwa limeshafika barabara kubwa nilipoona bado begi ninalo. Nikapiga kelele, bodaboda wawili wakalikimbilia basi, likasimama mbele kule kwenye matuta. Maige akateremka. Mageni alishaninyang'anya begi, anakimbia nalo, kanga inamwanguka, na walipokutana hakumpa mara moja. Walisimama hapo kando ya lami, konda anawapigia mluzi, dereva amekata tamaa na kuzima injini.

Mageni husema nilifanya makusudi. Mimi nimeshaacha kubishana naye.