Friza la Uani

Muuza barafu alikuwa amepiga magoti, akifuta mpira wa mlango wa friza kwa kitambaa cha sabuni kama alivyozoea kufanya marehemu mama yake, msimamizi wa nyumba alipoingia bila hodi. Aliufungua mlango, akachungulia ndani, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa friza na kukiondoa haraka.

"Kutani hakuna barafu, ubavuni kuna moto. Hili friza au jiko?"

Muuza barafu alimweleza kwamba ndivyo lilivyoundwa. Linaiyeyusha lenyewe barafu ya kutani, maji yanashukia kwenye trei ya nyuma na kukauka, na joto linatokea ubavuni. Msimamizi alicheka. Alikulia kwenye mafriza ya kukwanguliwa kwa kisu, na lisiloganda kuta, kwake yeye, lilikuwa bovu. Umeme ulikuwa umepanda bei tena. Mwenye nyumba alitafuta mchawi, mwizi wa umeme, na sasa mchawi amepatikana. Friza litoke kabla ya jua kuzama. Kwa sasa chumba hiki hakina umeme. Akatoka, na punde feni iliyokuwa ikivuma ndani ya friza ikanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mgeni. Hata wakati wa msiba wa mama hawakulizima. Wanawake walilala sakafuni kando yake likinguruma, kwa sababu riziki za watu zilikuwa mle ndani. Mama alifunga kila mfuko kwa uzi wa rangi ya mwenyewe, akaipanga mifuko kwa nafasi ili isizibe matundu ya hewa. Alikuwa akisema baridi nayo hupumua. Binti hakuwa amebadilisha kitu.

Jirani yake, muuza samaki, alifika mbio na beseni. Alimkuta ameketi kwenye kiti, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa friza.

"Shoga, nitolee wangu nikawauze kabla hawajaoza."

"Sifungui."

"Si wangu lakini?"

"Ni wako. Nikikufungulia wewe, atakuja mwingine, na mwingine, baridi yote iishie uani. Limejaa. Likifungwa hivi, linashika baridi mpaka kesho. Keti."

"Na wakioza?"

"Utanikaanga mimi."

"Wewe? Mifupa mitupu, nani atakununua?"

Hata hivyo aliketi, beseni mapajani. Wengine waliokuja waliambiwa vilevile, na wengine walinung'unika sana.

Fundi wa kuchomelea, mpangaji wa chumba cha mwisho, ndiye aliyeleta waya. Muuza barafu aliukagua kwanza. Mwembamba ungeungua, lakini huu ulikuwa mnene, wa mashine yake ya kazi. Wakaupitisha dirishani hadi chumbani kwa fundi, na friza likanguruma. Msimamizi alisikia. Akaenda kwenye ubao wa swichi ukumbini, akamkatia fundi. Muuza samaki akainuka bila kuambiwa, akauvuta waya hadi kwake. Naye akakatiwa. Ikawa hivyo chumba kwa chumba, wapangaji wakitoka mmoja mmoja kukaa uani, mpaka kwenye ubao ikabaki swichi moja tu iliyowashwa: ya msimamizi mwenyewe.

Msimamizi alisimama mbele ya ubao akitabasamu. Akawatangazia kwamba mwenye nyumba atawafukuza wote.

"Atufukuze," alisema muuza barafu. "Vyumba atampangisha nani, mende?"

Watu walicheka, ila yeye hakucheka. Aliokota ncha ya waya, akavuka ua, akasimama chini ya dirisha la msimamizi. Hakuomba. Aliinua tu mkono. Mke wa msimamizi, ambaye nyama yake ilikuwa mle frizani, imefungwa kwa uzi wa kijani, aliupokea waya na kuuchomeka.

Friza likaanza kunguruma. Mkono wa msimamizi ulikuwa tayari juu ya swichi.

"Kata, baba watoto," mkewe alisema kutoka dirishani, kwa upole. "Kata, kisha uje tukae wote gizani uniambie mwizi wa umeme ni nani."