Sahihi Nane Kwenye Tangi

Kadi ilifungwa kwa uzi ubavuni mwa tangi la kupashia maji moto, kwenye kona ya bafu. Kila baada ya miezi sita mwenye nyumba alipaswa kuzima umeme, kufunga maji yanayoingia, kufungua koki ya chini ili mashapo yatoke, kisha kuandika tarehe na kutia sahihi. Sahihi zangu zilikuwa nane, zimenyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Mimi, niliyekuwa kiranja mkuu wa bweni, nilizitia zote bila kuigusa koki hata mara moja.

Kwa hiyo maji ya moto yalipoanza kuisha mapema, nilimtafuta mkosaji kwingine, nikampata baba mkwe. Mzee alihamia kwetu kwa ajili ya magoti yake. Daktari alimwagiza aoge maji ya moto. Nilimweleza, mbele ya mke wangu, kwamba nyumba hii ina utaratibu: dakika nne, basi. Hakubisha. Tangu siku ya pili alioga maji baridi, nami nikahesabu kwamba nidhamu imeshinda.

Hata hivyo maji ya moto yaliendelea kuisha, na mke wangu ndiye aliyemwita fundi bomba, mama wa makamo asiye na haraka. Alifungua koki, hakikutoka kitu. Akachokonoa kwa waya, ukateremka uji mweupe wa chokaa, mzito, uliokuwa umekula nafasi ya maji, ukajaza ndoo mbili.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "kadi inasema tangi limeoshwa mwezi wa tatu. Mliosha tangi, au mliosha kadi?"

Mke wangu alicheka. "Huyu hasemi uongo, fundi. Hata saa yake haithubutu kuchelewa. Labda maji yetu ni mabaya."

Nilimwacha anitetee mbele ya ndoo zile.

Fundi alipoondoka nilikwenda chumbani kwa mzee. Alikuwa akijipaka dawa magotini.

"Baba, nimekukosea. Si wewe uliyemaliza maji. Tangi sikuliosha kamwe."

"Najua, mwanangu. Buibui alikuwa ametanda utando kwenye ile koki tangu nilipokuja. Siku ulipotia sahihi ya mwezi wa tatu nikaenda kumtazama. Alikuwepo, hana wasiwasi."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Binti yangu anakusifu mpaka ananichosha. Nikaona afadhali magoti yaume."

Laiti angenitukana, ningepumua. Nilimwita mke wangu, nikamweleza yote nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Hakupandisha sauti. Aliinama, akamfunika baba yake miguu kwa shuka, akakaa kando yake kitandani. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na kwingine ulikotia sahihi?"

Hakuwa akitania. Nikafungua kinywa kumjibu upesi, kama ilivyo desturi yangu, nikagundua kwamba ilinibidi kwanza nikumbuke.