Namba Tisa: Nia Njema

Mwaka 1971 nilikuwa nikichapa barua na mikataba kwenye baraza la duka moja, jirani na ofisi za wilaya, Tukuyu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nane na kamusi. Hilo sikumwambia mtu, na watu hawakuuliza.

Siku moja alikuja Bi Shamsia wa Msasani, mtaa wa hapohapo Tukuyu, anataka hati ya kuuza vifaa vya chumba chake cha lishe. Miaka minane alikuwa akipima watoto waliodhoofu na kuwafundisha mama zao kuchanganya ndizi na maharage na karanga. Sasa magoti yalimsumbua. Mnunuzi alikuwa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Isongole, na mwenyekiti wake, Mzee Ambindwile, alikuwa ameketi pembeni na koti lake la mvua.

Mfano pekee wa hati niliokuwa nao ulikuwa wa Kiingereza, wa duka la nguo lililouzwa zamani. Nikaufuata mstari kwa mstari. Palipokuwa na majora nikaweka mizani, palipokuwa na cherehani nikaweka masufuria, hata vikafika vitu vinane. Mstari wa tisa ulikuwa neno moja tu, gudwili. Kamusi ikasema ni nia njema. Nikadhani ni adabu za Kizungu, nikachapa: "9. Nia njema ya muuzaji." Nikajisifu moyoni.

Nikawasomea kwa sauti. Kufika namba tisa, Bi Shamsia akanyoosha mkono.

"Hicho futa, Ackson. Hicho sina."

Nikamwambia hati ya kisheria haifutwifutwi. Nilidanganya, karatasi za kaboni zilikuwa zimeniishia.

"Mwenyewe anajua kwa nini," akasema, bila kumtazama mzee. "Nilipopeleka mizani kwao mwaka ule, walisema nawapima watoto ili niwapunguze. Mtoto mmoja akafa, nikafukuzwa kwa mawe. Mizani nawauzia, maana mizani haina kinyongo. Mimi ninacho."

Mzee Ambindwile akavua kofia.

"Aliyeanza kusema vile ni mimi, mama. Yule mtoto alikuwa mjukuu wangu. Sasa mdogo wake amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu. Mama yake, Felista, hajui kuisoma mizani, na mimi sijui. Nikikosa hiyo namba tisa, hizo nane nitazifanyia nini?"

Niliona aibu, nikajifanya nasafisha taipu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwisho Bi Shamsia akachukua kalamu, akatia sahihi. Kwenye safu ya vilivyokabidhiwa akaweka alama nane. Ya tisa akaiacha wazi.

"Itakuja lini?" mzee akauliza kwa upole.

"Sijui. Nia haipakiwi kwenye gunia."

Vitu vikapanda lori siku ileile, nakala nikaifungia kwenye saraka ya meza yangu.

Wiki tano baadaye karani wa mahakama, tukiwa tunakunywa chai, akaniambia maana ya gudwili: wateja waliokwisha kulizoea duka, na jina lake. Uso ukaniwaka moto. Nikaazimia kwenda Msasani kusahihisha kosa langu kabla halijanifikisha pabaya.

Kabla sijanyanyuka, nikamwona Bi Shamsia anakuja barazani akichechemea, tope hadi magotini.

"Nipe ile nakala."

Nikampa. Akaweka alama kwenye namba tisa, akaandika tarehe.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Uvimbe umekwisha. Jana nimempima, na Felista amesoma mizani mwenyewe, bila kukosea." Akanirudishia kalamu. "Kinyongo bado ninacho, Ackson. Lakini hicho hukukiorodhesha."

Habari ya gudwili sikumwambia.